Nanga ya Roho: Maana Halisi na Maana ya Mfano

Katika somo hili tunaliangalia neno la Kiingereza "anchor", yaani nanga. Asili yake ni Kigiriki, "ankyra", neno lile lile lililotumika katika Waebrania 6:19. Sisi wa Ubaruku tunaishi katika bonde la Usangu, kati ya majaruba ya mpunga. Kwetu nanga si chombo cha kila siku, kwa hiyo tuanze na maana yake halisi.

Maana halisi

Nanga ni chuma chenye kucha, kilichofungwa kwa kamba au mnyororo. Wengi hudhani uzito pekee ndio unaozuia meli. Uzito husaidia, lakini kazi kubwa hufanywa na kucha zinazojichimbia chini. Ndiyo maana baharia huachia kamba ndefu, mara kadhaa ya kina cha maji. Kamba fupi huivuta nanga kwenda juu na kuing'oa. Mpunga nao ni hivyo: mche uliopandikizwa jana huelea maji yakizidi, bali uliokwisha kushika mizizi hubaki mahali pake.

Katika Matendo 27:29, mabaharia waliosafiri na Mtume Paulo walitupa nanga nne, wakingoja kupambazuke. Dhoruba haikukoma kwa sababu hiyo. Nanga haitulizi bahari. Huishika meli isipigwe miambani.

Maana ya mfano

Waebrania inalifananisha tumaini letu na nanga, lakini nanga hii haishuki chini. Inaingia ndani ya pazia, alikotangulia Yesu. Wakristo wa kwanza waliichora katika makaburi ya chini ya ardhi huko Roma, mahali pa kuzika wapendwa wao.

Basi tuwe waangalifu. Muumini anayeahidiwa kwamba mwenye imani hakosi maji shambani wala hauguliwi, ameahidiwa bahari isiyo na mawimbi. Mwaka maji yakikatika, atahama kanisa hadi kanisa akitafuta muujiza. Vivyo hivyo mseminari akidhani wito wa kweli hauna majaribu, wimbi la kwanza litamtikisa. Wimbi si ushahidi kwamba nanga imeng'oka. Kamba yetu ni sala, sakramenti na jumuiya, nayo huachiwa mapema, kabla ya upepo.

Maswali ya Jumuiya

1. Tunamwomba Mungu aondoe wimbi tu, au pia atushike ndani yake?
2. Nani katika jumuiya yetu kamba yake imekuwa fupi, nasi tumsaidieje?