SOMO: MSAMAHA WA KODI YA MAJENGO KWA MWANACHAMA ALIYENUNUA NYUMBA MJINI



Wapo miongoni mwetu wakulima wa alizeti, mtama na vitunguu ambao, baada ya kuweka akiba kwa miaka mingi au kupata mkopo wa chama cha akiba na mikopo, hununua nyumba Singida Mjini ili wazeekee karibu na hospitali na watoto wao. Mtu wa namna hiyo huhesabu bei ya nyumba na gharama ya kuhamisha miliki, lakini mara nyingi huisahau kodi ya majengo. Wengine wanayo haki ya kusamehewa kodi hiyo, nao huilipa mwezi baada ya mwezi kwa sababu hawakuomba.

Shabaha ya somo hili ni moja: kila mwanachama afahamu kwamba msamaha humhusu mwenye nyumba anayeishi ndani yake. Hauuzwi pamoja na nyumba, wala haumfuati mtu kutoka nyumba yake ya zamani. Anayenunua nyumba hana budi kuuomba upya.

1. Kodi yenyewe na jinsi inavyolipwa

Msingi wa kodi ya majengo ni Sheria Namba 2 ya mwaka 1983, ambayo imefanyiwa marekebisho mara kadhaa. Tangu mwaka 2021 kodi hii hukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU. Wakati huo nyumba ya kawaida ilikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na nyumba ya ghorofa shilingi 5,000 kwa kila ghorofa. Kuanzia mwaka wa fedha 2023/2024 viwango vilipandishwa kuwa shilingi 1,500 na shilingi 7,500. Hivyo nyumba ya kawaida hulipiwa shilingi 18,000 kwa mwaka. Kwa kuwa Sheria ya Fedha hupitishwa kila mwaka, Katibu ahakikishe viwango hivyo kila ifikapo mwezi Julai.

Ni vema kutofautisha kodi hii na pango la ardhi. Pango hulipwa kwa ajili ya kiwanja chenye hati, na husimamiwa na wizara inayohusika na ardhi. Aliyesamehewa kodi ya majengo asidhani kwamba amesamehewa pango pia; kutolipa pango kwaweza kuhatarisha hati yake.

2. Wanaohusika na msamaha

Sheria imesamehe majengo yatumikayo kwa ibada, maktaba, makumbusho na makaburi. Kwa wanachama wetu, yaliyo muhimu zaidi ni haya mawili:

(a) Nyumba ya makazi ya mzee mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, au ya mtu mwenye ulemavu asiye na kipato, ikiwa yeye ndiye mmiliki na anaishi humo. Msamaha huu ni wa nyumba moja. Mwenye nyumba mbili husamehewa ile anayoishi, na ile aliyopangisha huendelea kulipiwa.

(b) Nyumba za udongo, za nyasi na zinazofanana nazo, zinazotumika kwa makazi. Tembe zetu zimo katika kundi hili. Mwanachama akinunua tembe yenye umeme, kisha akakuta mita inakata kodi, anayo sababu ya kuomba marekebisho. Lakini akiibomoa na kujenga nyumba ya matofali na bati, sababu hiyo imekwisha, isipokuwa kama anastahili kwa umri au ulemavu.

3. Mambo yanayomponza mnunuzi

Jambo la kwanza ni jina. Mara nyingi mita ya umeme hubaki na jina la muuzaji. Mnunuzi mwenye miaka 65 akipeleka maombi kwa mita yenye jina la mtu mwingine, maombi yatakwama.

La pili ni mita isiyotumika. Nyumba ikikaa tupu, kodi ya miezi ambayo umeme haukununuliwa hujumlishwa na kukatwa kwa pamoja. Tuchukue mfano wa nyumba ya kawaida iliyokaa miezi saba bila umeme kununuliwa. Mwenyeji mpya atakuta deni la shilingi 10,500. Akienda na shilingi 10,000 tu, atarudi nyumbani gizani. Kwa hiyo deni la mita liulizwe kabla ya kutia sahihi mkataba, na mkataba utamke ni nani atakayelilipa.

La tatu ni umiliki wa mtoto. Kijana akinunua nyumba kwa jina lake na kumweka mama yake humo, mama huyo ni mkaaji, si mmiliki. Umri wake hauiondolei nyumba kodi. Wala si halali kuandika jina la mzee katika karatasi kwa ajili ya kukwepa kodi tu. Hila hiyo huzaa ugomvi wa mirathi ambao gharama yake hupita mara nyingi hizo shilingi 18,000.

4. Hatua za kufuata

Kwanza, kamilisha ununuzi. Mkataba wa mauziano uwe wa maandishi na wenye mashahidi. Kama muuzaji ana mwenzi wa ndoa na nyumba ni ya familia, ridhaa ya mwenzi huyo ipatikane, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yaidai. Kiwanja chenye hati kihamishwe kwa utaratibu wa ofisi ya ardhi.

Pili, nenda TANESCO ukabadilishe jina la mteja wa mita.

Tatu, pata barua ya mtendaji wa mtaa inayothibitisha kwamba wewe ndiye mmiliki na kwamba unaishi humo.

Nne, peleka maombi katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) mkoani, na nakala kwa Mkurugenzi wa Manispaa. Ambatanisha nakala ya kitambulisho cha Taifa, uthibitisho wa umiliki, barua ya mtaa, na kwa mwenye ulemavu, uthibitisho wa hali yake. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Tano, tunza risiti za LUKU, maana ndizo ushahidi wa kilichokatwa. Ukikubaliwa, zichunguze zinazofuata uone kama makato yamekoma.

5. Mfano wa maombi

"Mimi ni mmiliki wa nyumba iliyopo Mtaa wa ........, Kata ya ........, Manispaa ya Singida, yenye mita namba ......... Niliinunua tarehe ........ na ninaishi humo. Nimezaliwa mwaka ......... Naomba nyumba hii, ambayo ndiyo pekee ninayoiombea, isamehewe kodi ya majengo kwa sababu ya ......... Viambatanisho ni hivi vifuatavyo: ........"

6. Wajibu wa Katibu

Katibu aweke orodha ya wanachama waliotimiza miaka 60 na ya wenye ulemavu, awasomee somo hili, na amsaidie asiyejua kuandika. Asidai malipo kwa kazi hiyo. Aidha, mwanachama akifariki, Katibu awakumbushe warithi kwamba msamaha ulikuwa wa marehemu. Mrithi naye atazamwe kwa hali yake mwenyewe.

Shilingi 1,500 kwa mwezi si fedha nyingi kwa mwenye duka. Kwa bibi anayesubiri alizeti ikomae, huo ni umeme wa siku kadhaa. Ikiwa sheria imempa, ni wajibu wa ushirika kumsaidia aipate.

Maswali ya kujadili mkutanoni

1. Mzee wa miaka 70 anaishi chumba kimoja na amepangisha vyumba vinne. Mweleze asieleze nini katika maombi yake, na kwa nini ukweli wote uandikwe?
2. Kwa nini jina la mita libadilishwe kabla ya kuomba msamaha?
3. Ni wanachama wangapi wa chama chetu wanaostahili na hawajaomba? Nani atawafuata, na lini?