Usichungulie: Kijitabu cha Afya kwa Nyumba Yenye Mtu Anayejifunza Kuchomelea

Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha nyumba nzima. Anayejifunza kuchomelea akisome, na asiyegusa mashine naye akisome, kwa sababu mwanga wa kuchomelea unamfikia aliyeshika kijiti na unamfikia pia aliyekaa barazani akichambua mchele.

Siku hizi mashine ndogo za inveta hubebwa kwa mkono mmoja. Kijana akipata hela kidogo ananunua ya kwake, anachomeka kwenye soketi ya sebuleni, anatoka nayo uani na kuanza kujifundisha kwa stuli, jiko la mkaa au mlango wa banda la kuku. Kazi yenyewe ni nzuri na ina soko, maana kila anayejenga anataka grili na geti. Sipingi mtu kujifunza. Ninachopinga ni vijana kuletwa zahanati kwetu usiku wakiongozwa kwa mkono, macho yamefumba na machozi yanawatiririka, kwa jambo ambalo kofia ya kuchomelea ingelizuia.

Jambo la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote humu

Usichungulie.

Kuchungulia ni kufanya nini

Ni kuutazama mwanga wa kuchomelea bila kioo cheusi mbele ya macho, hata kwa sekunde moja. Wanaoletwa kwetu huwa wanasema, "Sikuangalia, niligusa tu." Huko kugusa tu ndiko kuchungulia.

Anachungulia yule anayepiga spoti. Kabla ya kuunga vyuma viwili, fundi huvishika kwanza kwa nukta ndogo ndogo ili visihame. Mwanafunzi huona nukta moja ni kitu cha kupepesa jicho, kofia inamchelewesha, basi anageuza uso pembeni, anafumba macho na kugusa. Macho hufumbwa baada ya mwanga kuwaka, si kabla. Grili ya dirisha moja ina nukta nyingi, na kila nukta inaongeza juu ya ile iliyopita.

Anachungulia anayeinua kofia kidogo ili aone ncha ya kijiti ilipo, anawasha, halafu ndipo anaishusha.

Anachungulia msaidizi. Huyu ndiye ananiuma zaidi, kwa kuwa mara nyingi ni mdogo wake fundi, au mke wake, aliyeitwa aje ashike chuma kisitikisike. Fundi ana kofia, msaidizi hana kitu. Anayeshika chuma lazima awe na kofia yake mwenyewe au ngao yake ya mkononi. Kama kofia ni moja, asishike mtu. Bana chuma kwa klampu au jiriwa, au kiegemeze kwa matofali.

Anachungulia aliyevaa miwani ya jua. Hata akivaa miwili pamoja, mmoja juu ya mwingine, bado anachungulia. Kwa kazi hii kioo kinachofaa kina namba yake, na kwa vijiti vya kawaida vya nyumbani tafuta namba 10 au 11. Kioo kilichopasuka kikaunganishwa kwa gundi nacho usikitumie, maana mwanga hupita kwenye ufa.

Na wanachungulia watoto. Mwanga ule humpendeza mtoto, humvuta kutoka nyumba ya tatu. Kuwakemea peke yake hakusaidii. Funga turubai zito au simamisha mbao, ufanye kazi nyuma yake. Usifanyie kazi mbele ya bati jipya linalong'aa, kwa kuwa linaurudisha mwanga kwa watu waliodhani wamejikinga, na kwako kwa nyuma ya kofia.

Kwa nini watu wanachungulia, na namna ya kuacha

Mara nyingi anayechungulia hana ukaidi. Haoni. Ukishusha kofia kila kitu kinakuwa giza, hujui ncha ya kijiti iko wapi, na ndiyo maana mkono unakwenda kwenye kofia kuiinua. Kwa hiyo tatizo ni la kuona, na linatibika.

Chora mstari wa chaki pale unapotaka kuchomelea. Fanya kazi mahali penye mwanga wa kutosha juu ya chuma, lakini jua lisikupige kisogoni, maana huingia nyuma ya kofia na kung'aa kwenye kioo. Kagua kile kioo cheupe kinachokaa mbele ya kile cheusi. Cheche hukitoboa vidoti vidoti mpaka kinakuwa na ukungu, na wengi huhangaika miezi wakidhani macho yao ni mabovu kumbe kioo hicho cha bei ndogo kinataka kubadilishwa.

Halafu fanya zoezi hili mashine ikiwa imezimwa. Weka ncha ya kijiti karibu na alama ya chaki. Mkono wa pili ushikilie ule wenye kijiti, kiwiko kiegemee mahali. Tikisa kichwa kofia ishuke. Sasa gusa. Rudia asubuhi nzima, mpaka mkono ukae palepale ulipouacha hata kichwa kikitikisika. Ndipo uwashe mashine.

Kofia zinazojifanyia giza zenyewe zinasaidia sana kwenye spoti, kwa kuwa unaona kabla ya kugusa. Ijaribu kila siku kabla ya kazi. Kama haifanyi giza, au inafanya na kuacha, rudi kwenye kofia ya kioo cha kawaida.

Na kabla ya kila mguso sema kwa sauti: "Macho!" Watu wa nyumbani wafundishwe kwamba wakisikia neno hilo, wanageuka.

Macho yakishaungua

Mchana utachomelea bila kuhisi kitu. Jioni utakula vizuri. Usiku wa manane utaamka ukihisi mchanga machoni, machozi hayakauki, na taa ikiwashwa unapiga kelele. Kuchelewa huko ndiko kunakowadanganya watu wengi. Mwanga wa saa nane mchana huuma saa sita usiku, basi mtu anasema amepatwa na upepo mbaya, au amelogwa.

Usisugue. Zima taa. Loweka kitambaa safi kwenye maji safi ya baridi, kikamue, kiweke juu ya macho yaliyofumbwa. Meza paracetamol kwa kipimo cha kwenye pakiti. Kukicha nenda kituo cha afya, na usijiendeshe pikipiki mwenyewe.

Usiweke vipande vya viazi. Usiweke maziwa ya mama. Usiweke maji ya majani ya chai, mkojo, wala dawa yoyote ya mitishamba. Jicho lililoungua ni kidonda, na vitu hivyo vinaingiza uchafu kwenye kidonda. Usiweke dawa ya macho iliyobaki ya jirani. Na ile dawa ya matone ya ganzi, ambayo mafundi hupeana kwa siri kwa sababu inaondoa maumivu papo hapo, usiiguse kabisa nyumbani. Ukiendelea kuitia, jicho haliponi, linaharibika chini ya ganzi nawe huna habari.

Macho ya namna hii kwa kawaida hutulia kwa siku moja au mbili. Yasipotulia, au ukiona ukungu, au ikiwa ni jicho moja tu linalouma, huenda kuna kipande cha chuma ndani. Nenda siku hiyohiyo.

Wapo wanaopona na kusema, "Kumbe si kitu." Wiki ijayo wamerudi. Kupona kwa jana hakukukingi na kesho. Usichungulie.

Kinyundo na grenda

Ukimaliza mstari utainua kofia ugonge kwa kinyundo lile ganda jeusi lililoufunika. Ganda hilo linaruka likiwa la moto, na macho yako wakati huo yako wazi. Vaa miwani myeupe ya kazi chini ya kofia, usiivue mpaka umefunga kazi.

Grenda isiondolewe kinga yake. Diski ya kukatia isitumike kusagia kwa ubavu. Chuma kikiingia jichoni, mwenzako asikitoe kwa njiti ya kiberiti, unywele, wembe wala ncha ya leso. Funika jicho bila kulibana, njoo.

Moshi

Chomelea nje, upepo ukikupiga ubavuni, kichwa kisiinamie moshi. Barakoa ya kitambaa haizuii moshi huu. Mwaka 2017 wataalamu wa shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo usiuzoee.

Mabati na mabomba ya maji yaliyopakwa zinki yana shida yake. Ukiyachomelea, jioni unaweza kupata homa, kutetemeka, kuumwa kichwa na kuhisi ladha ya chuma mdomoni. Wengi hukimbilia duka la dawa na kumeza dawa ya malaria. Pima kwanza, na mwambie mhudumu ulichomelea nini. Kwa anayejifunza, mabati ya zinki yaachwe. Ukishindwa kupumua vizuri, usingoje asubuhi.

Kunywa maziwa baada ya kazi hakusafishi kifua. Maziwa huenda tumboni, moshi umeingia kwenye mapafu.

Mapipa

Usichomelee wala kukata pipa, tangi au dumu la chuma lililowahi kubeba mafuta, hata kama ni tupu tangu mwaka juzi, hata kama halinuki, hata kama umeliosha.

Mitungi ya oksijeni na asitilini

Hiyo haijifunzwi nyumbani.

Umeme

Usichomelee mvua ikinyesha, au ukiwa umesimama kwenye maji au udongo uliolowa. Glovu ziwe za ngozi na ziwe kavu; zikilowa jasho, badilisha. Usibadilishe kijiti kwa mkono mtupu. Usibane koleo la kijiti kwapani. Volti zinazotoka kwenye kijiti zinaonekana ndogo, kati ya 50 na 80 hivi kwa mashine nyingi, lakini kwa mtu aliyelowa na kukalia chuma zinaweza kuua. Koleo la arthi libane chuma kilekile unachokichomelea, lisibane bomba la maji wala nondo za nyumba. Waya uliochubuka usifungwe kwa nailoni. Ukigusa soketi ukaikuta ya moto, zima mashine na umwite fundi umeme. Usiunge waya kabla ya mita. Mashine za kusukwa mtaani zisizo na kasha, ambazo nyaya zake za ndani unaziona kwa macho, usizilete kwenye nyumba yenye watoto.

Mtu akinaswa, usimshike. Zima swichi kubwa kwanza.

Moto

Cheche zinaweza kuruka mita 10 na kujificha. Ondoa magodoro, magunia ya mkaa, makuti, mapazia na mtungi wa gesi ya kupikia. Weka ndoo ya mchanga na ndoo ya maji karibu, lakini maji yasimwagwe kwenye mashine iliyo na umeme. Ukimaliza usiondoke, kaa nusu saa nzima ukichunguza pembeni, kwa sababu moto wa cheche huanza kimyakimya. Tanzania namba ya Zimamoto ni 114.

Mavazi

Jinsi au pamba nzito, mikono mirefu, shati limefungwa mpaka shingoni. Nguo za nailoni huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Viatu vya ngozi vilivyofunika mguu, na suruali ishuke nje ya kiatu. Kandambili hapana. Kiberiti cha gesi kisiwe mfukoni.

Shingo na kifua vilivyoachwa wazi huungua kwa mwanga uleule unaounguza macho.

Ngozi ikiungua

Maji safi yanayotiririka, dakika 20. Si dawa ya meno, si mafuta ya kupikia, si yai, si unga. Uliza kituoni kuhusu sindano ya pepopunda.

Pa kuanzia

Kama kuna chuo cha VETA unachoweza kukifikia, nenda hata kwa kozi fupi. Kama hakipo, kaa na fundi anayeshusha kofia yake kila mara. Idadi ya miaka aliyofanya kazi isikubabaishe. Fundi anayepiga spoti kwa macho matupu atakufundisha kupiga spoti kwa macho matupu.

Ukianza, anza na kipande cha bapa cha unene wa milimita 3 au zaidi, kilicholala chini, kilichosuguliwa kutu na rangi. Vijiti vya milimita 2.5, mashine kati ya ampea 60 na 90. Chora mistari tu, usiunge kitu. Usianze na bomba jembamba la fenicha. Linatoboka upesi, na mwanafunzi anayeogopa kutoboa ndiye anayeinua kofia ili aone.

Usichungulie.

Ukija kituoni

Mwambie mhudumu ulichomelea saa ngapi, chuma cha aina gani, kama ulitumia grenda au kinyundo, na kila kitu ulichokwisha kutia jichoni, hata kama ni maziwa ya mama au ile dawa ya siri. Hatutakugombeza, tunataka kujua cha kutibu. Kama kulikuwa na msaidizi aliyeshika chuma, au watoto waliosimama kutazama, njoo nao hata kama hawajaanza kulia.