Kutonesha na Kizingiti cha Maumivu: Tatizo la Istilahi

1.0 Utangulizi

Mzungumzaji wa Kiswahili hakosi maneno ya kueleza namna anavyoumwa. Kichwa humgonga au humwanga, tumbo humkata, humnyonga au humkeketa, kifua humchoma. Utajiri huu, hata hivyo, unahusu aina ya maumivu tu. Hauelezi kizingiti chake, yaani kiasi cha mguso au cha joto kinachotosha kumfanya mtu aumwe. Wataalamu wa neva hutofautisha hali mbili zinazohusu kizingiti hicho: ile ambayo jambo lenye kuumiza huumiza kupita kiasi, na ile ambayo jambo lisiloumiza kabisa, kama vile shuka kugusa ngozi, huumiza. Mwandishi anayeziita zote mbili "maumivu makali" amefuta tofauti ambayo tabibu anaihitaji. Tena amemwacha mgonjwa mikononi mwa wale watakaosema kwamba anajidekeza.

Hata hivyo, lugha yetu haiko tupu hapa. Tunacho kitenzi kutonesha: kugusa au kugonga mahali penye kidonda hata maumivu yakaamka upya. Makala haya yanachunguza ni kwa kiasi gani kitenzi hiki kinaweza kubeba dhana hizo.

2.0 Yatokeayo katika ugwe wa mgongo

Kwanza tuondoe utata mmoja. "Uti wa mgongo" katika matumizi ya kawaida ni mifupa, na watu wengi wakilisikia neno hilo hospitalini hufikiria homa ya uti wa mgongo. Kwa hiyo hapa tutauita ule mshipa wa neva upitao ndani ya mifupa hiyo ugwe wa mgongo.

Zamani ugwe huu ulidhaniwa kuwa njia tu ya kupitishia habari. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba ndani yake mna mfano wa lango linaloweza kufunguliwa au kufungwa. Mwaka 1983 Clifford Woolf, akifanya utafiti London kwa kutumia panya, alionyesha jambo zito zaidi. Baada ya mguu kujeruhiwa, kizingiti cha mnyama kuurudisha mguu wake kilishuka, na hata sehemu iliyojeruhiwa ilipotiwa ganzi, hali hiyo haikuondoka yote. Sehemu ya wepesi wa kuumwa ilikuwa imekwisha kuhamia katika ugwe wenyewe.

Namna inavyotokea sasa inafahamika vizuri. Neva nyembamba zitokazo kwenye jeraha humwaga glutamati katika pembe ya nyuma ya ugwe. Seli zipokeazo zina vipokezi ambavyo kwa kawaida huzibwa na ioni ya magnesiamu, mfano wa kizibo cha chupa. Ujumbe ukija mfululizo, kizibo hung'oka, kalisi huingia, nayo seli hubadilika ikawa nyepesi kuamka. Tangu hapo hata neva nene, ambazo kazi yake ni kupeleka habari za mguso mwanana, huweza kuiamsha njia ya maumivu. Ndiyo maana shuka huuma.

3.0 Sehemu ya urithi

Si kila wepesi wa kuumwa huanzia kwenye jeraha. Jeni iitwayo SCN9A, iliyomo katika kromosomu ya 2, huongoza utengenezaji wa mfereji wa sodiamu katika neva za maumivu. Mwaka 2004 watafiti wa China waligundua mabadiliko ya jeni hiyo kwa watu ambao mikono na miguu yao huwa myekundu na kuwaka moto wapatapo joto kidogo tu. Kwao mfereji hufunguka upesi mno. Mwaka 2006 ikaripotiwa hali iliyo kinyume, katika jamaa za kaskazini ya Pakistani: mfereji haufanyi kazi kabisa, na watoto hawasikii maumivu ya aina yoyote. Mmoja wao, aliyejulikana kwa kutembea juu ya makaa na kujichoma visu mbele ya watazamaji, alifariki kabla ya kutimiza miaka 14 baada ya kuruka kutoka juu ya paa. Herufi chache za jeni moja, basi, zaweza kumpeleka mtu upande huu au ule.

4.0 Kurudi kwenye istilahi

Kwa hali ya kwanza twapendekeza nomino utonesheko, kwani anayetoneshwa huumizwa na jambo ambalo hata mtu mzima wa afya angelihisi, ila yeye hulihisi maradufu. Kwa hali ya pili nomino hiyo haifai. Kutonesha hudai kidonda, na wenye jeni iliyobadilika hawana kidonda. Wale wa ugwe huenda walikuwa nacho, nacho kimekwisha kupona. Hapa afadhali kusema wazi maumivu ya mguso, ijapokuwa ni maneno matatu, kuliko kulilazimisha neno moja. Kuna pia kauli "naumwa", ambayo humaanisha ugonjwa na maumivu kwa pamoja. Anayetafsiri hojaji ya hospitali asiitegemee. Amwulize mgonjwa kama nguo yake inamuuma akiivaa.