Mji Wako Ukiwa Kwenye Sinema

Filamu iliyopigwa Mombasa ikianza, dakika kumi za kwanza zihesabu hasara. Hutaisikiliza, utakuwa ukinyoosha kidole tu: "Pale si Makadara? Na ile tuktuk yatokea wapi?" Jiruhusu. Nong'ona, cheka, mpige mwenzio kumbo, kisha ufunge duka hilo. Wengi wetu hutoka ukumbini tukisifu sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue na kudhani tumeisifu hadithi.

Baada ya hapo, tega sikio. Bibi wa Mji wa Kale asema "anakuja" au "yuwaja"? Ni "macho" au "mato"? Si lazima kila mhusika aongee Kimvita, lahaja ya Mombasa. Mji huu una Wagiriama, Wadigo, Wahindi, Waarabu, na watu wa asili ya bara waliozaliwa Kisauni. Kasoro ni bibi aliyekulia Kibokoni kuongea kama msomaji wa taarifa ya habari. Na mjukuu akipita barazani bila shikamoo, asikemewe na yeyote, basi aliyeandika mswada hajapata kukaa baraza hiyo.

Kisha tazama jua. Ufuo wetu waelekea mashariki, jua huchomoza baharini na jioni huzama upande wa bara. Ukiwaona wapenzi pale ufuoni Mama Ngina wakiliaga jua linalozama katikati ya Bahari Hindi, huenda waigizaji waliamshwa saa kumi na moja alfajiri, wewe ukaambiwa ni magharibi. Hilo mimi husamehe. Nisilosamehe ni feri. Mtu amkimbiza mgonjwa kutoka Likoni, na picha inayofuata yuko kisiwani, shati kavu! Ile foleni, honi, jua la utosini na macho ya watu wanaoihesabu feri iliyo ng'ambo, huo ndio mchezo wenyewe, nao wameukata.

Jaribio ninaloliamini zaidi ni hili: ondoa bahari, minazi na milango ya nakshi. Kimebaki nini cha kwetu? Jaribu na Mvera, filamu ya Pwani iliyoongozwa na Daudi Anguka, ambayo Kenya iliituma kuwania Oscar mwaka 2023. Yahusu vijana wanaoahidiwa kazi ng'ambo na biashara ya viungo vya binadamu. Hofu hiyo haihitaji ufuo. Nyumba ngapi huku zina binti aliyeko Ghuba, anayepigiwa simu kila Ijumaa?

Kama unakwenda na watoto, angalia kwanza daraja la umri kwenye bango. Na ulipe tikiti. Filamu ya kunakiliwa kwenye flashi haimrudishii mwongozaji nauli.

Ikiisha, msiachane mlangoni. Teremkeni Mama Ngina, mkae chini ya mibuyu na mihogo ya kukaanga iliyokolea pilipili na ndimu. Kila mmoja aseme mhusika mkuu alitaka nini hasa. Atakayetaja jina la mtaa kwanza, anunue madafu.