SOMO LETU: Hati yenye kurasa nyingi kwenye kompyuta



Siku hizi maombi mengi ya masomo hutumwa kwa kompyuta au simu. Kabla ya kutuma, huonyeshwa hati yako katika dirisha dogo. Wengi wakiona ukurasa wa kwanza tu hubonyeza "Tuma". Hati ya kurasa 6 inaweza kuonekana ukurasa mmoja, nawe usijue kama zile 5 zimo au hazimo. Ombi lenye upungufu laweza kukataliwa.

Kwa nini huonekana mmoja?
Programu ikichora kurasa zote kwa pamoja, simu ndogo hukwama. Kwa hiyo huchora kwanza ule ulio mbele ya macho yako. Zinazofuata huchorwa unaposhuka. Ndivyo ifanyavyo PDF.js, programu ya Mozilla iliyotokea mwaka 2011. Programu nyingine huonyesha picha ya ukurasa wa kwanza peke yake, kama jalada la kitabu.

Aina ya faili
PDF, iliyotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, hubeba kurasa nyingi katika faili moja. JPEG, yaani picha ya kawaida ya simu, hubeba picha moja tu. Cheti chenye maandishi pande mbili hutoa picha mbili. Ukituma moja, mhuri wa nyuma umebaki nyumbani.

Fanya hivi:
1. Hesabu kurasa za karatasi zako, mbele na nyuma.
2. Tafuta namba kama "1/6" juu au chini ya dirisha. Namba ya pili ni jumla ya kurasa. Ilingane na hesabu yako.
3. Shuka kwa kidole au bonyeza kishale hadi mwisho. Ukikuta ukurasa mweupe, subiri, huenda haujachorwa.
4. Dirisha likikataa kuendelea, fungua faili yenyewe uikague.
5. Soma ukurasa wa mwisho. Mara nyingi ndipo palipo na tamko na mahali pa sahihi.

Asiyejua kusoma asione haya. Amwombe mtu anayemwamini amsomee ukurasa kwa ukurasa.

Jipime: Mama ana fomu ya karatasi 3 zilizoandikwa pande zote mbili. Dirisha linaonyesha "1/3". Je, atume?

Jibu: Hapana. Kurasa ni 6. Huenda pande za nyuma hazikuingia, azikague kwanza.