Kipima Gesi Kitangulie Shimoni

Wanaozibua chemba na kusafisha makaro ya viwandani mara nyingi hutegemea pua. Harufu ya yai viza ikisikika, gesi ipo. Ikikatika, hewa imetulia. Imani hii inaua. Haidrojeni salfaidi, gesi inayotoka kwenye kinyesi, damu ya machinjioni na tope la viwanda vya ngozi, hunuka hata ikiwa chini ya sehemu 1 kwa milioni ya hewa. Ikifika kama 100 hulemaza uwezo wa kunusa, na harufu hupotea huku sumu ikizidi. Ikipita 700, mtu huweza kuanguka baada ya kuvuta pumzi chache tu.

Wengine hushusha mshumaa au karatasi inayowaka. Mshumaa huzimika oksijeni ikipungua sana, lakini hautambui sumu hiyo hata kidogo, na penye methani kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa utalipua shimo. Acheni kabisa.

Tumieni kipima gesi cha mkononi kinachosoma vitu vinne: oksijeni, gesi zinazolipuka, kaboni monoksaidi na haidrojeni salfaidi. Kiwasheni nje, mbali na moshi wa jenereta; oksijeni isome asilimia 20.9. Kisha, kila siku kabla ya kazi, kipulizieni gesi ya majaribio kutoka kwenye chupa yake muone kama kila sensa inaitikia na king'ora kinalia. Ni rahisi kuiruka hatua hii, maana chupa hununuliwa kando na kifaa kinaonekana kizima. Lakini sensa iliyokufa inaweza kusoma sifuri, na sifuri hiyo haina tofauti na ile ya hewa salama. Ile ya gesi zinazolipuka huharibiwa hata na silikoni iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kung'arishia na vilainishi vya kupuliza. Meneja aliyenunua kifaa bila chupa hajamaliza kununua.

Pimeni kabla mtu hajaingiza hata kichwa. Inueni mfuniko kidogo tu, mpitishe mpira wa kuvutia hewa, mpime juu, katikati na chini, kwa sababu methani ni nyepesi na hupanda ilhali haidrojeni salfaidi hutuama chini. Kila kina kipeni dakika mbili hivi, na zaidi mpira ukiwa mrefu. Someni oksijeni kwanza: sensa nyingi za gesi zinazolipuka huzichoma gesi hizo ndani yake ili kuzipima, hivyo oksijeni ikiwa haba husoma pungufu ya ukweli.

Vifaa vingi huwekwa vilie oksijeni ikishuka chini ya asilimia 19.5 au kupita 23.5, kaboni monoksaidi ikifika 35 kwa milioni, haidrojeni salfaidi 10, na gesi zinazolipuka zikifika asilimia 10 ya kiwango cha chini cha mlipuko. Kikilia, pulizeni hewa safi kwa feni, kisha pimeni upya. Msifungulie mtungi wa oksijeni wa kuchomelea shimoni; oksijeni ikizidi, nguo huwaka kwa cheche ndogo.

Kwenye matangi ya kuchachushia bia kuna mtego mwingine. Hatari huko ni kaboni dioksaidi, ambayo kifaa cha kawaida cha gesi nne hakiipimi. Ikisukuma hewa hadi oksijeni ishuke kutoka 20.9 hadi 19.5, yenyewe imekwisha kukaribia asilimia 7, wakati asilimia 4 tu huhesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa maisha. Ni gesi hiyohiyo inayojaa kwenye mabonde yaitwayo mazuku karibu na Goma na kuua watu na mifugo. Kwa kazi ya matangi hayo, nunueni kifaa chenye sensa ya kaboni dioksaidi.

Kupima mara moja hakutoshi. Tope likikorogwa kwa koleo huachia gesi iliyokuwa imefungiwa ndani, kwa hiyo kifaa kivaliwe kifuani, karibu na pua, kikiwa kinafanya kazi muda wote. Kikilia, tokeni, ndoo ya mwisho ibaki hukohuko, na msimamizi asibishane na king'ora. Sheria za usalama na afya kazini, ya Tanzania ya 2003 na ya Kenya ya 2007, zinamdai mwajiri ulinzi huu, na kibarua wa siku moja anaustahili sawa na fundi wa kudumu.

Mwenzenu akianguka, msimfuate. Mwaka 1986 taasisi ya NIOSH ya Marekani ilitahadharisha kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanaokufa katika sehemu zilizofungika ni waliokwenda kuokoa. Ndiyo maana anayeingia hufungwa mkanda wa mwili mzima na kamba ya winchi iliyosimikwa juu ya shimo, ili avutwe bila mtu mwingine kushuka. Anayeshika winchi asitumwe dukani wala asiitwe kusaidia kazi nyingine hadi wa mwisho atoke.