Khofu ya Kushindwa na Dawa Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad:

Katika maradhi ya moyo yako yanayojulikana na kila mtu, kama hasadi na kiburi. Na yako yaliyojificha ndani ya nguo za watu wema. Moja katika hayo ni khofu ya kushindwa. Mtu ana akili timamu na mikono miwili, na kazi ya kheri imesimama mbele yake. Ameombwa kusomesha watoto chuoni, au kulishika shamba la marehemu baba yake. Huiacha, akasema, "Mimi siwezi," na watu wakamsifu kuwa ni mnyenyekevu. Lakini unyenyekevu ni kujua kwamba uwezo wote watoka kwa Mola; na mwenye kuuficha uwezo aliopewa hakunyenyekea, bali amezuia amana.

MFANO WA MKARAFUU

Watu wa Chake Chake hawana haja ya kuutafuta mbali mfano wa jambo hili, kwani umesimama katika mashamba yao. Mwenye kupanda mkarafuu hapandi cha kula kesho. Mche hukaa miaka sita au saba, na pengine zaidi, kabla haujampa mwenyewe karafuu za kuanika jamvini. Miaka yote hiyo hupalilia, wala hana hati ya mtu yeyote ya kumdhamini kwamba atavuna. Na hata ukizaa, hauzai sawa kila mwaka: mwaka huu matawi yameinama, na mwaka wa pili mchumaji ashuka na pakacha jepesi. Karafuu yataka ichumwe ingali tumba, kabla ua halijafunguka. Na ikisha kuanikwa, mvua ya ghafula yatosha kuiharibu. Lau wazee wa Pemba wangalingoja dhamana, kisiwa kisingalikuwa na mkarafuu hata mmoja.

Tena na yazingatiwe yaliyotokea mwezi wa Aprili mwaka 1872, zama za Sayyid Barghash bin Said. Tufani kubwa iliipiga Unguja, ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba haikupatwa kama ilivyopatwa Unguja. Kabla ya siku ile Unguja ndiyo iliyokuwa mbele kwa karafuu. Baada yake Pemba ikatangulia, na hata leo karafuu nyingi zaidi hutoka Pemba. Ni nani katika wenye mashamba aliyeyajua hayo siku moja kabla? Na watu wa Unguja nao hawakukaa matangani milele, walipanda upya.

Basi mwenye kusema "nitashindwa" hali hajaanza, amedai ilimu ya ghaibu. Na ghaibu haijui ila Mwenyezi Mungu. Aliyopewa mwanadamu ni kazi. Matokeo hayakutiwa mkononi mwake.

KUTARAJI NA KUJIDANGANYA

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), ameeleza katika kitabu chake cha Ihya tafauti iliyopo baina ya matarajio na ghururi kwa mfano wa mkulima. Aliyetafuta ardhi njema, akatia mbegu iliyo nzima, akanywesha, akang'oa magugu, kisha akangoja fadhila ya Mola, huyo ndiye mwenye kutaraji. Ama asiyepanda kitu naye angojea mavuno, huyo ajidanganya. Kwa hiyo kuutumaini uwezo wako si kusema, "Mimi hodari, sitaanguka." Ni kuutumia uwezo huo kwa shukrani na kumwachia Mwenyewe mwisho wake. Na katika Suratul Baqara, aya ya 286, Mwenyezi Mungu amebainisha kwamba haikalifishi nafsi ila kwa kiasi cha uweza wake. Basi faradhi yenyewe ni shahidi kwamba mja anao uwezo wa kuitimiza.

SIKU YA UHUD

Wengi husema, "Nalijaribu mara moja nikaanguka, sitaki tena." Na waitazame Uhud, mwaka wa tatu wa Hijra. Mtume (S.A.W.) alishauriana na sahaba zake, na wengi wakapenda kutoka nje ya Madina kuwakabili Makureshi. Wapiga mishale wengi wakaacha pahali walipowekwa, na Waislamu wakapatwa na msiba. Wakafa mashahidi kama sabini. Kisha zikashuka aya za Suratu Aali Imran. Katika aya ya 159 Mtume aliamrishwa awasamehe, awaombee maghufira, ashauriane nao katika mambo; na akisha kuazimia, amtegemee Mwenyezi Mungu. Watu wale wale walioshindwa jana, leo waamrishwa kutakwa shauri! Hawakuvuliwa heshima yao kwa kosa moja. Na mpango ni huu: kwanza shauri, pili azima, tatu kutawakali. Mwenye kuanza na kutawakali akaacha mawili ya mbele, jina lake ni mvivu.

MASUALA

Suala: Mtu akiwa na khofu moyoni, je, imani yake ina kasoro?

Jawabu: La. Nabii Musa (A.S.) alipotumwa kwa Firauni alisema wazi kwamba aogopa kuuawa, na kwamba ulimi wake ni mzito. Hakuondolewa kazi ile. Aliomba akunjuliwe kifua, akaomba apewe ndugu yake Haruni awe msaidizi, akapewa, akaenda. Hiyo ndiyo dawa: dua, na msaidizi, na kwenda.

Suala: Na mwenye kuogopa maneno ya watu barazani?

Jawabu: Huyo haogopi khasara, aogopa macho. Fudhayl bin Iyadh amefundisha kwamba kuacha amali kwa ajili ya watu ni katika ria. Baraza hucheka siku tatu. Kazi iliyoachwa huulizwa Siku ya Kiyama.

Suala: Na akifa kabla hajaimaliza?

Jawabu: Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba mtu akifikiwa na Kiyama hali mkononi mwake mna mche, na akaweza kuupanda, na aupande. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza kuifasiri Kurani kwa Kiswahili, akafariki mwaka 1947 kazi haijesha. Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja alifasiri Kurani nzima, ikapigwa chapa mwaka 1969. Je, yupo awezaye kusema kwamba wa kwanza alishindwa?

KHATIMA

Basi kila mwenye kazi ya kheri aliyoiahirisha kwa khofu, na aswali rakaa mbili za istikhara, amtake shauri mtu mwenye ilimu ya jambo lile, kisha aanze, japo kwa mche mmoja. Na adumu kwa dua aliyokuwa akiiomba Mtume (S.A.W.), ya kujilinda kwa Mwenyezi Mungu na hamu na huzuni, na kutojiweza na uvivu, na uoga na ubakhili. Kutojiweza kumetajwa pamoja na uvivu, ili mja ajue kwamba yote mawili hukimbiwa, wala hayafanyiwi makao.

Wabillahi ttaufiq.